Yule fundi wa "hiyo taa unaiota": leo kanimaliza kabisa

Nimechoka_Kabisa

Wakuu, leo sina salamu. Nimetoka kwake sasa hivi na mikono bado inatetemeka, makosa ya kuandika mtanisamehe.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Ni yule yule ambaye kila mwenye haibridi humu, yaani gari la petroli na umeme, ameshapita mikononi mwake, na nusu yenu mmerudi na tatizo lile lile pamoja na jingine la nyongeza. Jina silitaji. Nikilitaja tu dashibodi itawaka yote mpaka taa ya mkanda.

Gari langu lina ugonjwa wa kuwasha taa za dashibodi: pembetatu nyekundu ya onyo, ABS (ile ya kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) na taa ya breki kwa mpigo, halafu zote zinazima kama hazikuwahi kuwepo. Ukimwita mtu aje kushuhudia, zinatulia. Akiondoka tu, zinarudi. Nikasema sitabahatisha, nitalitafuta mwenyewe nyumbani taratibu. Nikaweka daftari ndani ya gari: zimewaka saa ngapi, injini baridi au moto, njia kavu au mvua, nilikuwa nimenyoosha au nakata kona. Nikachukua testa, kile kimashine cha kupimia umeme, nikapima betri ndogo ya volti 12 gari likiwa limelala usiku kucha: 12.6. Nikawasha mpaka ikaandika READY, yaani gari liko tayari kuondoka, maana haibridi haina alteneta, betri ndogo inachajiwa na umeme ulioshushwa wa betri kubwa, ile inayoendesha gari: 14.1. Nzima. Nikasugua vichwa vya betri, nikakaza. Bado. Daftari ndilo likasema ukweli: mara nyingi zinawaka nikikunja usukani kushoto mpaka mwisho. Hapo hata mtoto anaanza kuushuku waya wa sensa ya spidi ya gurudumu la mbele.

Kilichobaki ni namba za hitilafu zilizo kwenye kompyuta ya breki, na kimashine changu cha kusomea hitilafu kinasoma injini tu, breki hakizioni. Nilijua mle ndani kuna namba, na pamoja nayo kuna kumbukumbu ya tukio, yaani gari lilikuwa spidi gani, volti ngapi, pale taa ilipowaka. Kwa hitilafu ya kuja na kuondoka huyo ndiye shahidi. Sikuchomoa betri. Sikugusa fyuzi. Nimeendesha mpaka kwake kama nimebeba trei za mayai.

Mwanaume akachomeka mashine. Nikamwambia fundi, tafadhali, soma kwanza. Akasema "usijali bosi". Akabonyeza kufuta. Halafu ndiyo akasoma.

AKAFUTA. HALAFU. AKASOMA.

Mashine ikaandika hakuna hitilafu. Iandike nini sasa? Umemfukuza shahidi, kisha unaita nani ana ushahidi! Akanigeukia mbele ya vijana wake wote, na mbele ya jamaa aliyekuja kujaza upepo tu, akasema: "Bosi, hiyo taa unaiota."

Unaiota.

Mimi! Mtu mwenye daftari! Vijana wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana. Yule wa upepo naye anacheka, hajui hata tunaongelea nini. Halafu bila kumeza mate fundi akaongeza: "Lakini kama inakukosesha raha, tubadilishe betri kubwa." Yaani taa ni ya ndotoni ila betri ibadilishwe mchana kweupe.

Nimefika nyumbani, nimekunja kushoto niingie getini. IKAWAKA. Pembetatu nzima, nyekundu, inaniangalia. Nimekaa ndani ya gari peke yangu nasema kwa sauti, kama naota basi niamsheni.

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza. UNAIOTA!

---

Mama Spana

Pole mkuu. Ni yule wa ovaroli safi, sivyo? Fundi ambaye ovaroli lake halina hata tone la grisi ujue kazi yake ni kubonyeza tu.

---

Kauzu

Nimesoma mpaka kwenye daftari nikashindwa kuendelea. Mtu mzima unaandika "saa moja na dakika nne, mvua ndogo, nimekunja kushoto". Daftari la taa unalo, la mwanao wa shule hujawahi kulifungua. Fundi amekuhurumia. Mimi ningekupeleka ukapimwe wewe.

---

Bibi Testa

Mleta uzi, punguza hasira usome hapa. Umesema ukifika getini imewaka tena. Basi namba imerudi! Shahidi yupo mpya kabisa, wa leo, na ametengenezwa baada ya kufutwa, kwa hiyo hata uchafu wa zamani haumo. Usiizimezime. Tafuta mashine inayoingia kwenye breki na uisome kabla ya mtu yeyote kugusa kitufe kingine. Picha ya skrini kwanza, maswali baadaye.

Halafu fungua ukurasa wa spidi za magurudumu manne, mtu mwingine aendeshe polepole akikunja kushoto, wewe angalia. Linaloanguka sifuri peke yake wakati mengine yanasoma, ndilo hilo. Fuata waya wake kutoka kwenye gurudumu mpaka kwenye soketi, hasa pale unapojipinda usukani ukikunjwa. Na usikimbilie kuipima sensa kwa omu, yaani ukinzani wa umeme, nyingi za siku hizi zina elektroniki ndani, utapata jibu la kukupoteza.

---

Nimechoka_Kabisa

Bibi Testa asante, lakini hujaelewa. ALINIAMBIA NAOTA. Mbele ya jamaa wa upepo.

---

Bibi Testa

Nimeelewa, mkuu. Namba imerudi.

---

Nimechoka_Kabisa

Kwa hiyo ningekuwa nimelala yule kijana angeangusha spana?

---

Pangaboi

Mimi huyo huyo alinisomea namba P0A80, akaniambia betri kubwa imekufa, niagize nyingine. Haibridi zimeanza kuuzwa Japani mwaka 1997 na yeye bado anaamini kila taa ni betri kubwa. Nikarudi nyumbani kwa unyonge, nikaangalia kile kidirisha cha kuvutia hewa pembeni ya kiti cha nyuma. Wakuu, nilitoa manyoya ya paka ya kutosha kutengeneza paka wa pili. Feni ilikuwa imeziba, betri inachemka. Nikasafisha, nikafuta namba BAADA ya kuiandika, na mpaka leo haijarudi.

---

Kauzu

Paka alikuwa anafanya nini ndani ya gari?

---

Pangaboi

Anakaa.

---

Mtoto wa Relei

Nyinyi mna bahati. Mimi ilinijia namba U0100, kwamba kompyuta nyingine za gari haziisikii ya injini. Nikaambiwa ninunue kompyuta ya injini. Kompyuta nzima! Nikachomoa betri ndogo, nikapima kwenye soketi ya kupimia, tundu la 6 na la 14, inatakiwa isome omu kama 60. Ikasoma 60. Waya wa mawasiliano mzima. Nikahamia kwenye arthi: nikarudisha betri, nikawasha taa zote na feni, nikapima kati ya kichwa cha hasi na bodi la gari. Inatakiwa iwe chini ya volti 0.1, mimi nikapata zaidi ya nusu volti. Bolti ya arthi imelegea, ina kutu ya kijani. Msasa na spana, basi. Aliyetaka kuniuzia kompyuta nikikutana naye barabarani ananiuliza gari linaendeleaje, anatabasamu kabisa.

---

Fungua Tu

Mnazunguka sana. Mimi nafungua betri kubwa mwenyewe sebuleni, nabadilisha kipande kilichokufa, nafunga. Mafundi waache waote.

---

Bibi Testa

Fungua Tu, umevaa nini mikononi?

---

Fungua Tu

Saa.

---

Bibi Testa

Hebu nisikilizeni nyote kabla hatujaandika tanzia. Betri kubwa ya Toyota Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ni volti 201.6, umeme wa moja kwa moja, hausemi samahani. Waya wa rangi ya chungwa si wa kushikwa na mtu wa nyumbani. Hata mwenye ujuzi anazima gari, anaweka ufunguo mbali, anachomoa betri ndogo, anavuta plagi ya usalama inayokata betri kubwa, anasubiri dakika 10 kapasita zinazotunza umeme zishuke, anavaa glavu za volti 1,000 zilizokaguliwa kama zina tundu, na bado anapima kwanza. Saa ya chuma! Ivue hata kabla hujagusa ile ndogo.

---

Nimechoka_Kabisa

Naomba turudi kwenye mada. Nimemwambia kwa kinywa changu, soma kwanza. Akasema "usijali bosi". Neno "usijali" na kidole vilitoka pamoja.

---

Mama Spana

Mimi anayeniudhi zaidi ni jirani anayeazima testa. Anakuja asubuhi ana adabu zote, "shikamoo mama, naomba kile kimashine". Jioni kinarudi, nikipima ampea hakisomi kitu. Nimefungua, fyuzi imeungua. Ametumbukiza waya kwenye tundu la ampea akapima nalo volti za betri! Halafu anasema ilikuwa hivyo hivyo tangu mwanzo.

---

Mtoto wa Relei

Mama Spana umenigusa. Wangu alirudisha testa bila waya mweusi. Nikamuuliza, akasema ulikuwa hauna kazi.

---

Pangaboi

Wangu hata testa hakurudisha. Amehama nayo.

---

Kauzu

Sasa tuwe wakweli, testa inayoungua fyuzi kwa kuguswa tu si testa nzuri. Mimi niliwahi kuazima moja ya njano, ina mkanda umefungwa pembeni, kuipachika tu kwenye betri ikalia tiki ikanyamaza. Mwenye nayo akanununia mwezi mzima.

---

Mama Spana

Mkanda wa rangi gani?

---

Kauzu

Mweusi.

---

Mama Spana

Na mfuniko wa nyuma una skrubu moja badala ya mbili?

---

Kauzu

Mama, shikamoo.

---

Mama Spana

Marahaba. Leta fyuzi yangu. Na usiniletee ya redio, leta ya saizi ile ile iliyoandikwa nyuma ya testa.

---

Nimechoka_Kabisa

Jamani. Uzi huu ni wangu.

---

Fungua Tu

Pangaboi, hivi paka bado anakaa kwenye gari au ulimhamisha? Wangu amejifungulia chini ya boneti na sasa siwezi kuwasha.

---

Pangaboi

Wangapi?

---

Fungua Tu

Wanne. Mmoja amekaa juu ya inveta, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri kubwa.

---

Bibi Testa

Saa umevua?