Nagasaki na mama mwenye magoti mabovu: tramu, basi, teksi au kukodi gari?

Mtoto wa Ngamiani

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu wa kike anahitimu shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Nagasaki mwezi huu wa Septemba 2023, na mimi na mama tunakwenda kumshuhudia. Tutakaa siku tano. Tunashukia Fukuoka, halafu treni hadi Nagasaki.

Mama ana miaka 68. Kwenye tambarare anatembea vizuri tu, lakini ngazi zikizidi kumi anaanza kutafuta ukuta wa kushika. Mdogo wangu yumo kwenye pilikapilika za kumaliza, sitaki kumbebesha mzigo wa kutuzungusha.

Nimelinganisha haya: tiketi ya tramu ya siku nzima, mabasi, teksi kila tunapotoka, au kukodi gari kwa siku tatu. Mimi ni dereva wa miaka mingi na wenzetu nao wanaendesha kushoto. Kwenye ramani kila kitu naona kipo karibu karibu. Wenye uzoefu na mji huo nisaidieni.

Mwanafunzi_Sakamoto

Karibuni sana, mkuu, na mama mfikishie shikamoo yangu. Nipo hapa mwaka wa pili, na tramu naipanda kila siku ya Mungu.

Kwanza, ramani iweke pembeni. Ramani haikuonyeshi mwinuko, na mji huu mwinuko ndio umbali wenyewe. Watu ni kama laki nne, wamebanwa kati ya bahari na vilima, na nyumba zimepanda mlimani hadi mahali ambapo gari halifiki kabisa. Mtaa wa Tenjin-machi kuna kigari kidogo cha reli moja walichowajengea wakazi, kazi yake ni kuwapandisha wazee nyumbani kwao. Tramu yenyewe inapita chini, bondeni. Kwa hiyo kabla ya kila safari jiulize: ninakokwenda ni bondeni au ni juu? Bondeni, panda tramu bila kufikiri mara mbili. Juu, ita teksi.

Njia za tramu ziko nne kwa siku za kawaida: 1, 3, 4 na 5, kila moja na rangi yake. Ya bluu ni namba 1, kutoka Akasako hadi Sofukuji, nayo itawafikisha sehemu nyingi: Bustani ya Amani, stesheni, Dejima. Nauli mwaka huu wa 2023 ni yeni 140, uende kituo kimoja au kumi. Wenyeji wanasema ilikuwa yeni 100 tangu 1984 hadi 2009.

Unapandia mlango wa nyuma, unashukia wa mbele, na unalipa unaposhuka. Hakuna konda. Hapa wageni wengi wanakwama: kile kisanduku kilicho kando ya dereva hakirudishi chenji. Ukiwa na noti ya yeni 1,000, itie kwanza kwenye mashine ya kuchenji iliyo hapo hapo, ufanye hivyo tramu ikiwa imesimama kwenye taa, kabla hujafika unakoshukia. Nilimwona mama mmoja mgeni amesimama mbele ya dereva, noti ya 10,000 mkononi, foleni nzima nyuma yake. Dereva hakumfokea, akainamisha kichwa na kungoja, lakini yule mama alikuwa anatetemeka. Dawa ni kadi. Mkifika Hakata, stesheni kuu ya Fukuoka, nunueni SUGOCA, kadi ya nauli unayoijaza pesa, unagusisha tu. Inakubalika kwenye tramu, na kwenye mabasi vilevile.

Tiketi ya siku mwaka huu ni yeni 600. Kwa hiyo safari nne kwa siku (yeni 560) haijalipa, ya tano ndiyo inaanza kulipa. Na haiuzwi ndani ya tramu, inunueni hotelini au kwenye ofisi ya watalii hapo stesheni.

DadaWaKisauni

Nilikaa Nagasaki wiki mbili mwaka jana kwa mafunzo. Naunga mkono yote ya hapo juu, ila kuna moja limesahaulika nalo ni kubwa: HOTELI.

Mahali nilipolala, tangazo lilisema dakika tano kutoka kituo cha tramu. Kweli zilikuwa tano, kwa mtu asiye na mzigo. Nilishuka na sanduku la kilo 23 usiku, mvua inanyesha, nikaona ngazi za mawe zimepanda gizani katikati ya nyumba. Nilizihesabu siku ya pili: 112. Kuna mzee alikuwa anashuka na mwavuli, akasimama, akashika sanduku upande wa pili bila kusema neno, tukapanda pamoja hadi juu, yeye akarudi kushuka tena. Mpaka leo namkumbuka.

Basi ndugu yangu, kabla hujalipa waandikie uwaulize: kutoka barabara inayofikika na gari hadi mlangoni kwenu kuna ngazi ngapi? Uliza idadi ya ngazi, dakika hazikwambii kitu. Chagua hoteli karibu na stesheni au maeneo ya Dejima na Shinchi, kule ni tambarare.

Mengine yote kanuni yangu ni hii: panda na teksi, shuka kwa miguu. Unaona mji vizuri na mfuko haulii.

Muuguzi_Mstaafu

Dada, nakuheshimu, lakini hiyo ya kushuka kwa miguu mama asiifanye. Nimehudumia watu wa magoti kwa miaka. Kupanda kunachosha pumzi na mapaja, kushuka ndiko kunakoumiza goti, kwa sababu uzito wote wa mwili unatua juu yake kila hatua. Mama wa miaka 68 akishushwa ngazi 100 za mawe, siku ya pili anaweza kushindwa kuinuka kitandani, na sherehe ataisikia kwa simu.

Pakiwa hapana budi, na ngazi ni chache: kupanda, mguu mzima utangulie; kushuka, mguu unaouma utangulie. Ashike reli ya pembeni, wewe usimame ngazi moja chini yake. Na kifimbo cha kukunja akibebe hata kama anasema hakihitaji.

DadaWaKisauni

Ahsante sana. Nafuta kauli yangu kwa upande wa mama. Mwenye magoti mazima afuate ya kwangu, mama afuate ya muuguzi.

Mzee wa Masafa

Hilo la kukodi gari, kijana, liache kabla hujalipa chochote. Japani inatambua leseni ya kimataifa iliyotolewa chini ya mkataba wa Geneva wa usafiri wa barabarani wa 1949 pekee. Uganda, Rwanda na Kongo-Kinshasa wamo. Tanzania na Kenya hatumo. Kuendesha kwako kushoto miaka ishirini hakusaidii kitu pale kaunta.

Na hata ungekuwa nayo, maegesho mjini ni ya kulipia, barabara za vilimani ni nyembamba, na katikati ya barabara kubwa kuna reli za tramu. Umekwenda kumwona mdogo wako akivaa joho, usiende kutafuta pa kuegesha.

Mtoto wa Ngamiani

Mzee wangu, umeniokoa. Nilikuwa nimeshajaza fomu, bado kulipa tu.

Nimebakiwa na maswali mawili. Bustani ya Glover mama ameiona kwenye picha, anaitaka, na nasikia iko kilimani. Na mlima Inasa usiku, ule wa taa. Teksi kote huko au kuna njia nyingine?

Mwanafunzi_Sakamoto

Glover kuna siri nzuri. Wageni wengi wanashuka kituo cha Oura Tenshudo, wanapanda ule mtaa wa maduka hadi lango la chini. Mama asipite huko. Nyinyi endeleeni hadi Ishibashi, kituo cha mwisho cha namba 5, ya kijani. Mkitoka hapo mnatembea kidogo mnakuta lifti inayopanda mshazari, inafuata mgongo wa kilima. Inaitwa Glover Sky Road, ni ya bure, wenyeji wanaitumia kwenda sokoni na kurudi. Ukitoka humo kuna lifti nyingine ya kwenda juu wima, halafu lango la pili la bustani. Mnaingia mkiwa tayari juu. Akichoka, rudini kwa lifti ile ile mliyopandia.

Kutoka stesheni mtapanda namba 1 na kubadilisha Shinchi Chinatown kuingia namba 5. Kwa kadi, gusisha kama kawaida, hukatwi mara ya pili mkibadilisha ndani ya nusu saa. Kwa fedha taslimu, mwambie dereva "norikae" unaposhuka hapo, atakupa karatasi ya kuendelea. Ukisahau kuiomba unalipa tena.

Bustani ya Amani nayo ina ngazi za umeme upande wa kituo, msiogope. Ukifika pale, mwambie mama jambo moja. Bomu lilianguka tarehe 9 Agosti 1945, saa tano na dakika mbili asubuhi, karibu kabisa na hapo. Mwezi Novemba mwaka huo huo tramu zilianza kutembea tena kwenye sehemu ya mji. Mimi nikiwa nimechelewa darasani na tramu imejaa, huwa nalikumbuka hilo na kutulia.

Inasa ni mita 333. Kuna gari la waya linaloanzia kwenye hekalu la Fuchi, na mabasi namba 3 na 4 kutoka mbele ya stesheni yanakufikisha karibu. Juu kwenye mnara wa kutazamia kuna lifti. Mwezi wa tisa jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo pandeni kabla ya hapo mlione likizama, taa zikiwaka mko pale pale.

Basi halifanani na tramu: nauli inapanda kadiri unavyokwenda. Unapoingia chukua kijikaratasi chenye namba, mbele kuna ubao unaoonyesha namba yako imefikia yeni ngapi. Mwenye kadi gusisha kuingia, gusisha kutoka. Vibao vingi ni vya Kijapani tupu, ndiyo maana mimi kwa mgeni wa siku tano basi naliweka la mwisho, isipokuwa hili la Inasa.

DadaWaKisauni

Niongeze hesabu. Mkiwa watatu na mdogo wako, tramu ni yeni 420 kwa safari moja. Teksi za masafa mafupi mjini nilikuwa nalipa kama yeni 1,000 kwa gari zima. Tofauti si kubwa kama mtu anavyodhani akisikia Japani. Mlango wa nyuma wa teksi unafunguka wenyewe, usiuvute, na bakshishi hawapokei. Mwandikie dereva jina la mahali kwa Kijapani kwenye simu umwonyeshe.

Pia mama alete nafasi tumboni kwa kasutera, keki waliyoiacha Wareno. Walianza kutia nanga Nagasaki 1571, miaka 22 kabla ya kuanza kujenga Fort Jesus kwetu Mombasa. Nilipoionja nililia kidogo, ni kama keki ya yai ya nyanya yangu.

Muuguzi_Mstaafu

Swali kwa mwanafunzi: hizo tramu zenyewe zina ngazi mlangoni?

Mwanafunzi_Sakamoto

Swali zuri sana, mama. Za zamani zina ngazi, nyingine ni za miaka ya 1950 na mbao zake bado zipo. Mpya zina sakafu ya chini, unaingia sawa na jukwaa. Kwenye tovuti ya kampuni kuna ramani inayoonyesha tramu ziko wapi na ipi ni ya sakafu ya chini. Zinapita kila baada ya dakika chache mchana, kwa hiyo kuiacha moja si hasara. Na kituo cha mbele ya stesheni kiko katikati ya barabara, kinafikiwa kwa daraja la waenda kwa miguu. Siku ya kuwasili na mizigo, msihangaike nalo, chukueni teksi moja kwa moja.

Mtoto wa Ngamiani

Wakuu, tumerudi Tanga juzi. Naleta ripoti.

Hoteli nilipiga simu mara mbili kuuliza ngazi. Jibu: tatu, na reli ya kushika. Nikalipa. Siku ya kwanza na siku ya sherehe tulitumia teksi, mama alikuwa na kitenge kipya na viatu vya kisigino kidogo, sikutaka mchezo. Siku nyingine tulipanda tramu kwa SUGOCA. Tiketi ya siku tulinunua mara moja tu, siku ya Bustani ya Amani na Glover, ikalipa.

Ile lifti ya mshazari mama aliipanda mara tatu. Ndani tulikuwa na bibi wa Kijapani amebeba vitunguu vya majani, yeye na mama wakawa wanapigana mabega kidogo na kucheka, kila mmoja kwa lugha yake. Inasa tulikwenda kwa basi na kurudi kwa teksi. Ngazi za kushuka tulikutana nazo mara moja tu, kwenye hekalu, na mguu unaouma ulitangulia kama tulivyoagizwa. Asubuhi mama aliamka vizuri.

Siku ya mwisho tulikuwa hatuna pa kwenda. Mama akasema tupande tramu ya ile njia nyekundu tufike mwisho wake. Akakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Mdogo wangu akamwambia jina la kituo cha mwisho, Hotarujaya, maana yake ni nyumba ya chai ya vimulimuli. Tulipofika dereva akakusanya vitu vyake, akavihamishia upande wa pili, mbele ikawa nyuma. Mama akaniangalia akasema, "Lipa tena, turudi nayo hiyo hiyo."