Kanisa limejaa mpaka nje: tupanue sehemu ya ibada au tujenge ukumbi kwanza?

Mzalia wa Kisauni:

Wadau, salaam aleikum na bwana asifiwe, kila mtu achukue yake. Kuna jambo lanikera na nataka tulijadili hapa, maana kule kanisani ukilisema waonekana wapinga kazi ya Mungu.

Mimi nasali kanisa moja huku Kisauni, Mombasa, jina sitalitaja. Ni jengo la zamani la mawe ya matumbawe, mabati juu, ndani mabenchi ishirini na nne. Zamani watu walikaa kwa raha. Saa hizi ibada ya pili ukifika saa nne na robo ushachelewa, wakaa nje chini ya turubai karibu na mti wa mkilifi (mwarobaini), mahubiri wayasikia kwa spika na mhubiri humuoni. Masika iliyopita maji yalijaa katikati ya turubai likashuka kama tumbo, mzee mmoja wa kanisa akainuka katikati ya maombi akalisukuma na mpini wa ufagio, maji yote yakawamwagikia watoto wa Sande skuli waliokaa ukingoni. Watoto walicheka. Mama zao hawakucheka.

Kwa hiyo msiniambie sitaki kupanua. Nataka. Kamati imeleta mchoro: ukuta wa nyuma ubomolewe, jengo lisogee mpaka kile kiwanja watoto wachezapo mpira, na ndani iwekwe roshani watu wakae juu. Vyoo, ukumbi na tangi la maji vimeandikwa "awamu ya pili". Na awamu ya pili ya Mombasa sote twaijua, ni zile nondo zinazochungulia juu ya nyumba za watu miaka kumi zikila kutu.

Mimi nasema tugeuze. Tujenge ukumbi mkubwa kwanza pembeni, na choo cha maana na tangi. Jumapili ukumbi uwe wa ibada kwa wale wa turubai, Jumatatu mpaka Jumamosi uwe na kazi: nasari asubuhi, akina mama wa chama jioni, wahudumu wa afya wakija kuchanja watoto wasipange foleni juani. Sehemu ya ibada twaitumia Jumapili, Jumatano jioni, kesha la Ijumaa, na siku ya harusi au maiti. Siku zilizobaki imefungwa kufuli.

Na msiseme nimeleta mambo mapya. Hapo Kengeleni twapita kila siku na matatu, hilo jina limetokana na kengele ya Frere Town, kile kijiji Wamishenari wa Kianglikana walichowawekea watu waliokombolewa utumwani, miaka ya 1870. Kengele ile iliita watu ibadani na pia ilipigwa kuwatahadharisha wakija wakamata watumwa, yaani kitu kimoja cha kanisa kazi mbili. Mpaka leo watu washuka "Kengeleni" na wengi hata hawajui kuna kanisa. Mwasemaje?

Mama Kwaya:

Mzalia nakuheshimu lakini hapo umeteleza. Wewe una benchi lako la mbele, mimi nimekaa chini ya lile turubai miaka mitatu na mtoto mgongoni, nimewasikia wahubiri kwa spika inayokwaruza mpaka neno "neema" lasikika "nyama". Wataka niendelee kungoja wewe ujenge ukumbi wa kukodishia watu harusi? Nyumba ya Mungu kwanza.

Halafu kuna jambo wanaume wa mipango hamlijui kwa sababu hamzunguki na bahasha za michango. Mimi nazunguka. Ukimwambia mtu "tunapanua kanisa" atoa elfu mbili na ahadi juu. Ukimwambia "tunajenga choo" akupa mia mbili na kukuuliza kwani kile cha zamani kimefanya nini. Watu hawatoi kwa ajili ya choo bwana, huo ndio ukweli, upende usipende.

Mzalia wa Kisauni:

Mama hapo kwa bahasha umenimaliza, sina jibu. Ila wajue choo cha zamani kimefanya nini. Ni shimo, mawe yetu haya ya pwani yana matundu, maji machafu yapenya yaenda kwenye visima. Na kisima cha jirani kiko hatua kama thelathini.

Jirani wa Ukutani:

Huyo jirani mwenye kisima ni mimi kwa hiyo wacha niseme.

Mimi Muislamu, ukuta wa kanisa ndio ukuta wangu, nimezaliwa hapo. Sipingi kanisa kupanuka, na anayesema sisi majirani twapinga kwa sababu ya dini asinitilie maneno mdomoni. Marehemu mzee wangu alipofariki viti vyote vya matanga vilitoka hapo kanisani, hakuna aliyetuuliza dini. Na hitima yake tuliifanya kwenye kiwanja hichohicho mnachotaka kukila. Hicho kiwanja ndicho pekee kilichobaki mtaa mzima, watoto wenu na wangu wacheza pale, mtu akifiwa hema lasimamishwa pale. Mkikimaliza tutaweka wapi maiti, barabarani?

Jambo la pili ni maji. Mwaka mlioinua ukuta, mvua ya kwanza iliyonyesha maji yalikuwa hayana pa kwenda yakaingia kwangu, godoro la watoto nilianika siku tatu. Nilikwenda kwa kamati nikaambiwa "tutaangalia". Bado mwaangalia.

La tatu spika. Najua na sisi msikitini tuna adhana, sisemi sisi malaika, lakini adhana ni dakika chache. Nyinyi kesha la Ijumaa laanza saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri na spika mbili mmezielekeza dirishani kwangu. Kuna kanuni za kelele za NEMA, ile mamlaka ya mazingira, tangu 2009, sijawahi kwenda kushtaki na sitaki kwenda, jirani hashtakiwi ovyo. Lakini jengo likiwa kubwa spika nazo zitakuwa nne, sivyo?

La nne dogo. Mliazima ngazi yangu Krismasi kupachika taa. Hii ni Julai.

Fundi Mawe:

Nimecheka hiyo ngazi. Sasa niwaambie kitu kwa sababu naona mwajadili kiwanja na hakuna aliyeuliza hiyo roshani itakaa juu ya nini.

Mimi nimejenga hapa na Likoni miaka kumi na tisa. Ukuta wa matumbawe wabeba paa la mabati vizuri sana, utazeeka wewe utauacha. Lakini paa halichezi. Roshani ni watu, na kanisani kwenu watu hawakai tu, waimba, waruka, wapiga miguu wote kwa mpigo mmoja. Huo uzito watikisika. Ukichomeka mihimili ya roshani kwenye ukuta wa zamani usio na nguzo za nondo umetega mtego. Roshani lazima isimame kwa nguzo zake yenyewe na msingi wake, na kabla ya hapo injinia achimbe aone msingi wa zamani umekwenda chini kiasi gani, kwingine huku utakuta wameweka mawe juu ya mwamba futi mbili basi.

Na mchanga, jamani. Watu hujenga na mchanga wa ufukweni kwa sababu bei rahisi. Chumvi yala nondo ndani kwa ndani, waona simiti imeanza kupasuka mstari mstari na madoa ya kutu, ikifika hapo ushachelewa.

Sasa swali langu kwa kamati: aliyechora huo mchoro ana muhuri? Maana chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 wahitaji ruhusa ya kaunti kabla ya kuchimba, na mradi lazima usajiliwe NCA, mamlaka ya ujenzi ya taifa. Wasije wakaanza wakawekewa alama ya X nyekundu na sadaka ya watu ishaliwa na simiti.

Mshirika wa Likoni:

Mwazungusha maneno, hela itatoka wapi ndio swali. Najua jibu: ataitwa mheshimiwa, atakuja na gari sita, atatoa milioni moja ya mabati na kuchukua mikrofoni nusu saa. Mnakumbuka Novemba 2024, maaskofu wa Katoliki walitoa taarifa kali na Jimbo Kuu la Nairobi likarudisha pesa Rais Ruto alizotoa kanisa la Soweto, hukohuko Nairobi. Waanglikana nao 2021 Askofu Mkuu Ole Sapit alikataza wanasiasa kusimama madhabahuni. Je kamati yenu yaweza kurudisha milioni moja? Mimi siamini, sisi kwetu tulishindwa kurudisha hata mbuzi.

Mama Kwaya:

Mbuzi wa nani tena 😂

Mimi pesa ya siasa siitaki na nishasema kwenye kikao. Lakini mwaongea kama tuna njia kumi. Hapa watu wengi ni wa vibarua vya bandarini, wa tuktuk, wa kuuza mahamri asubuhi. Tukingoja sadaka peke yake mtoto wangu wa mgongoni atakuja kuolewa chini ya turubai.

Fundi, nikuulize, kama tukiacha roshani kabisa, ukumbi wa chini tu, nguzo na mabati, kuta nusu hewa ipite, watu kama mia mbili waingie, hiyo ni kazi ya muda gani?

Fundi Mawe:

Hiyo sasa ni kazi ya watu. Pesa ikiwepo, miezi mitatu minne umepaua. Na mkiweka mifereji ya mabati yote yaelekee tangi moja, masika mwavuna maji ya kufulia na ya vyoo bure, hamna haja ya mikokoteni ya maji. Maji yakiingia tangini ndio hayaendi kwa jirani pia. Ila acheni matundu ya kuta yaelekee upande wa barabara, sio upande wa yule wa ngazi.

Jirani wa Ukutani:

Yule wa ngazi amesikia.

Kwa ukumbi siwezi kubisha. Bora kiwanja kibaki.

Mzalia wa Kisauni:

Narudi, nilikuwa kazini. Baada ya maneno ya jirani nilishindwa kutulia nikamuomba mweka hazina anionyeshe hati ya ploti, kitu ambacho miaka yote hii hakuna mtu alishawahi kuuliza, sote tulikuwa tukisema "kiwanja cha kanisa" kama vile tuliandikiwa mbinguni. Tumeenda na ramani na kamba ya kupimia, mimi na yeye na kijana mmoja wa kwaya, jua la saa saba.

Mpaka wetu waishia kwenye mkilifi. Kigingi cha zamani kipo, mizizi imekimeza nusu. Kuanzia pale kwenda kule kwenye magoli si kwetu, ni ardhi ya nani nitajua tukifanya sachi ofisi ya ardhi, lakini si ya kanisa. Maana yake ule mchoro wa kusogeza ukuta wa nyuma ulikuwa utuingize kwenye ardhi ya wenyewe na sadaka zetu mkononi.

Kilichobaki ni kati ya jengo na mkilifi. Tumepima, ukumbi aliosema Mama Kwaya waingia, tena mti wabaki. Mama, nakubali umenishinda kwa jambo moja: tutauita "upanuzi wa kanisa" kwenye bahasha, choo kiwe ndani ya hesabu hiyohiyo, mtu akitoa elfu mbili zake asijue robo imeingia shimoni. Kamati yakaa Jumapili baada ya ibada ya pili, kesha pia nimeliandika kwenye ajenda. Fundi kama una nafasi njoo utuambie hilo la msingi kwa mdomo wako, mimi wakinisikia wataniuliza nimesomea wapi.

Jirani, ngazi iko stoo nyuma ya kinanda, kipandio kimoja kimelegea. Nakipiga misumari leo jioni nakuletea.