RabbitMQ: mapigo yake yenyewe au ukaguzi wa TCP, kipi kinabaini haraka mtandao uliokatika?

fundi_foleni: Wakuu, naomba mwongozo. Nina programu za kupokea ujumbe matawini, zinaunganishwa na RabbitMQ, seva ya foleni za ujumbe, iliyoko makao makuu. Modemu ya tawi ikizimika ghafla, RabbitMQ inaendelea kuamini mpokeaji yupo. Ujumbe aliokwisha kabidhiwa unakaa bila kuthibitishwa na hapewi mpokeaji mwingine. Mapigo (ishara fupi za kuonyesha uhai ambazo RabbitMQ na mpokeaji hutumiana) yamezimwa pande zote mbili, tunategemea ukaguzi wa TCP wa Linux, yaani mfumo wenyewe kuuliza kama upande wa pili bado upo. Nibaki hapo?

mzee_wa_seva: Usibaki hapo. Linux isipoguswa husubiri sekunde 7200 za ukimya ndipo ianze kuuliza, kisha inauliza mara 9 kila baada ya sekunde 75. Hesabu mwenyewe: saa mbili na dakika kumi na moja. Hapo ni kama ukaguzi wenyewe umewashwa kwenye soketi (ncha ya muunganisho), maana RabbitMQ haiwashi mpaka uiambie.
Muda wa mapigo ya RabbitMQ ni sekunde 60 kwa kawaida. Kila upande unatuma pigo baada ya sekunde 30, na mwenzake akikosa mawili mfululizo anafunga muunganisho. Ujumbe unarudi foleni, anapewa mwingine.

binti_kerneli: Mkuu, hizo 7200 hupunguzwa. Weka tcp_keepalive_time (ukimya kabla ya kuuliza) 60, intvl (pengo kati ya maswali) 10, probes (idadi ya maswali) 4, utajua ndani ya sekunde 100. Uzuri wake kerneli, kiini cha Linux, haitegemei programu. Mpokeaji wa Python anayetumia pika (maktaba ya kuongea na RabbitMQ) akishughulika dakika tano ndani ya kolbeki moja (kipande cha programu kinachoitwa ujumbe ukifika) hajibu mapigo, basi seva inamkata mpokeaji aliye mzima na kazi inafanywa mara mbili. Kwenye malipo hilo ni balaa.

mzee_wa_seva: Kolbeki nzito dawa yake ni kuhamishia kazi kwenye uzi mwingine (mkondo wa kazi unaoenda sambamba ndani ya programu), uthibitisho ukarudi kwa add_callback_threadsafe ya pika. Kafka, mfumo mwingine wa ujumbe, walilitatua hivyo hivyo: tangu toleo 0.10.1 mapigo yana uzi wake, na swali la "je, bado anafanya kazi?" likapewa kipimo tofauti, max.poll.interval.ms, dakika 5.
Halafu zile paketi za kuuliza za kerneli huenda tu muunganisho ukiwa kimya. Kama seva ilishatuma data na haijapata jibu, inayoamua ni tcp_retries2, idadi ya kurudia kutuma. Thamani yake ya kawaida ni 15, yaani kama robo saa ya kurudia kutuma. Seva inayosukuma ujumbe kwa tawi lililokatika iko katika hali hiyohiyo. Ukikataa mapigo, itakubidi uweke na TCP_USER_TIMEOUT, ukomo wa kusubiri jibu la data iliyotumwa.

binti_kerneli: Hilo la retries2 nakubali, na kwa fundi_foleni ndilo linaloamua. Mimi ningewasha vyote, mapigo yakitangulia.

mita_za_maji: Nipo upande wa MQTT, itifaki ya ujumbe kwa vifaa vidogo, vifaa vyetu viko kwenye laini za simu. Kifaa chenyewe hutaja muda wake, broka (seva ya ujumbe) husubiri mara moja na nusu ya muda huo, kisha hutangaza wosia, yaani ujumbe ambao kifaa kiliuacha wakati wa kuunganishwa. Wosia huo ndio unaotuambia mita ipi imepotea, na RabbitMQ kwa AMQP, itifaki yake ya kawaida, haina kitu hicho.
Angalieni na vifaa vya katikati. Kigawa mzigo cha mtandao cha AWS (wingu la Amazon) kwa kawaida husahau muunganisho wa TCP uliokaa kimya sekunde 350, bila kumuarifu yeyote. Ukaguzi wa saa mbili hauufikii. Pigo la kila sekunde 30 linauweka hai.

fundi_foleni: Asanteni sana. Muda wa mapigo niushushe hadi ngapi? Sekunde 3 itafaa?

mzee_wa_seva: Hapana. Chini ya 5 utakuwa unakata watu kwa msongamano mdogo tu wa mtandao. Kati ya 5 na 20 ni salama kwa wengi. Kwa modemu za matawini chukua 20. Na kama usindikaji wa ujumbe unazidi dakika 30, angalia consumer_timeout (ukomo wa kusubiri uthibitisho wa ujumbe) pia, hiyo hukata hata mapigo yakiwa sawa.

fundi_foleni: Naweka 20, na kazi ya kolbeki naihamishia uzi wake kwanza. Nitaanza na tawi moja.