Mjadala: Watalii wa Jinja waishie mtoni, au waingie pia Walukuba na Masese?

Mkazi wa Walukuba (mwenye mada)

Ndugu zangu wa Jinja, Uganda, na nyote mnaoifahamu Jinja, salamu. Kuna jambo linazungumzwa sana huku mtaani na naomba tulijadili hadharani. Baadhi ya waongozaji wanawatoa wageni Main Street, wanawapitisha kwetu Walukuba, kisha wanateremka nao hadi mwaloni Masese, kando ya Ziwa Victoria. Wapo wanaosema ni aibu, wageni wanaletwa kutazama umaskini wetu. Wapo wanaosema ni riziki, waachwe. Mimi naunga mkono waje, ila kwa masharti.

Kwanza tutazame mji huu unaishi kwa kivutio gani. Mgeni anakuja kwa sababu ya Nile. Lakini maporomoko ya Ripon, aliyoyaona mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1862, yalifunikwa na maji ya bwawa la Owen Falls lililozinduliwa 1954. Bujagali nayo ikamezwa na bwawa lake, lililozinduliwa 2012. Bwawa la Isimba likafuata 2019, na wenye maboti ya kuteremka mawimbi wakapoteza kipande kingine cha mto. Silaumu umeme, sote tunauhitaji. Ila tumeona vivutio vikizama kimoja baada ya kingine, na bado utalii wetu wote tumeutegemeza kwenye maji.

Mitaa yetu ina mengi ya kusimulia. Walukuba ilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Shaba ya mgodi wa Kilembe ilikuja kwa treni kutoka Kasese ikayeyushwa hapa hapa Jinja. Pamba ikafumwa Nyanza Textiles. Wasoga, Wasamia, Wajaluo, Wagisu, watu wa Kenya na wa Kongo walikutana zamu moja, na Kiswahili ndicho kilichowaelewanisha. Hadi leo ukipita kwenye nyumba za safu jioni utamsikia mama akimwita mtoto kwa Kijaluo, akimgombeza kwa Kiswahili, kisha akimtuma dukani kwa Kisoga. Mgeni anayeonyeshwa majengo ya Wahindi pale Main Street na kusimuliwa jinsi Amin alivyowafukuza Waasia mwaka 1972 amepata nusu tu ya historia ya mji. Nusu nyingine ni ya waliokuwa wakiingia kiwandani alfajiri, na watoto wao na wajukuu wao bado tuko huku.

Sasa masharti. Anayeongoza wageni awe mkazi wa mtaa huo. Apite kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, abishe hodi kama watu wengine wanavyobisha. Halafu kuna pesa. Sheria inataka asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi za taifa irudi kwa jamii zinazopakana nazo, na huko Bwindi zimejengwa shule na zahanati. Wale wanalipwa kwa kuwa majirani wa sokwe. Mtaa ambao watu wake ndio wanaotembelewa, kwa nini usipate chochote?

Binti wa Masese

Kaka, nakuheshimu, lakini umeandika kuhusu Walukuba na Masese umeipitia juu juu. Hao wageni hawaletwi kwetu kwa ajili ya historia ya shaba. Njoo mwaloni asubuhi ujionee. Akina mama wametandaza mukene, yaani dagaa, kwenye nyavu kuukuu chini, wameinama wanaugeuza kwa mikono ili ukauke sawasawa. Ukiingia mchanga, au mvua ikinyesha kabla haujakauka, haununuliwi tena kwa ajili ya watu. Unauzwa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo kila mtu pale ana haraka na jicho lake liko mawinguni. Saa hiyo ndiyo kundi linafika. Hakuna salamu, hakuna "poleni na kazi". Wanasimama pembeni mwa nyavu, mwongozaji anawaeleza kwa Kiingereza, simu zinatoka mifukoni. Mama hawezi kuacha mukene akainuka kukataa, basi anapigwa picha ameinama hivyo hivyo. Wakiondoka, hakuna aliyenunua hata kopo moja.

Wavuvi nao wana yao. Tangu jeshi lipewe kazi ya kuzuia uvuvi haramu mwaka 2017, mtu mwenye kamera akitokea ziwani anatazamwa kwa mashaka. Nani anajua picha itaishia wapi?

Na watoto? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Inasema taarifa za mtoto hazichukuliwi bila idhini ya mzazi. Mbona huko shule za wenye pesa mgeni hawezi kuingia na kamera akapiga watoto apendavyo, ila Masese anaweza? Mimi nasema wasije kabisa mpaka haya yajibiwe. Hiyo pesa unayoitaja, pia ningependa kujua inaingia mfuko wa nani.

Mwongozaji, Walukuba

Dada, uliyoyasema nimeyaona kwa macho yangu na yananiumiza, maana yanatuharibia sote jina. Lakini usitutie kapu moja. Mimi wageni wangu nawaketisha kwanza. Tunaanza kwa mpika rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, wanasubiri chapati kama wateja wengine, wanalipa bei ile ile, wanaulizwa maswali nao waulize. Tunakwenda kwa fundi cherehani, anayetaka anashona shati. Simu nawaambia ziwekwe mfukoni mpaka mwenye nyumba au mwenye kazi aseme ndiyo. Wengi wao huniambia sehemu hiyo waliipenda kuliko mtumbwi. Ukipiga marufuku utanizuia mimi ninayejulikana hapa. Yule anayetoka mjini na gari atakuja tu.

Mzee wa Mpumudde

Wanangu, mnazungumza kana kwamba mtalii ni Mzungu tu. Sikukuu ya Pasaka mabasi yanajaa kutoka Kampala, na Waganda wenzetu hao wanakwenda mtoni, wanapiga picha, wanakula samaki, wanarudi. Kijana wa Kampala hajui babake mdogo alifanya kazi kiwanda gani hapa. Mimi ningeanza na hao. Hawahitaji mkalimani, na akina mama watawajibu vizuri wakikosa adabu.

Mkazi wa Walukuba (mwenye mada)

Mzee, shikamoo, hilo ni zito na naliunga mkono. Wanafunzi wa shule zetu wenyewe waanze.

Dada, kuhusu picha sina ubishi nawe. Pasipo ruhusa, hakuna picha, na mtoto hapigwi bila mzazi wake. Ninapotofautiana nawe ni hapo unaposema wasije kabisa. Fikiria hivi: kila kundi linaloshuka mwaloni lilipe kiasi kinachojulikana, na mwaka wa kwanza pesa yote inunue vichanja. Mukene ukianikwa juu ya vichanja haushiki mchanga, na mvua ikija ni rahisi kuufunika. Unabaki chakula cha watu, unauzwa kwa bei ya watu. Utalii utakuwa umemwongezea mama kipato hata kama yeye mwenyewe hataki kuongea na mgeni yeyote. Wala kundi lisije asubuhi. Lije alasiri, kazi ikiwa imepungua.

Binti wa Masese

Alasiri, sawa. Vichanja, sawa kabisa, tumevililia siku nyingi. Lakini pesa isipitie kwa mwongozaji wala kwa mwenyekiti. Wakaushaji wachague wanawake watatu miongoni mwao, wafungue daftari, na kila mwisho wa mwezi lisomwe pale pale mwaloni kwa Kiswahili, kila mtu asikie. Hapo mimi mwenyewe nitawashawishi mama zangu. Mwenyekiti akikataa utaratibu huo, aje hapa atueleze kwa nini.