Binti kapata skolashipu ya riadha Marekani, chuo kipo konferensi ya ACC. Tusaini?

Baba_Mbulu: Wakuu habari za jioni. Binti yangu anakimbia mita 5,000, chuo kimoja cha Marekani kimemtumia ofa. Mjomba wake aliyeko Texas anasema tusiharakishe, eti ACC, konferensi (ligi ya vyuo) kilimo chuo hicho, na vyuo vyake vilishtakiana na vinaweza kutawanyika wakati wowote. Akifika kule chuo kikahama, skolashipu inakuwaje? Wenye uzoefu naombeni msaada.

Wakili_Mtaani: Mjomba hajakosea, ila habari yake imepoa kidogo. Desemba 2023 ACC iliwahi kukishtaki chuo chake cha Florida State huko North Carolina, kesho yake Florida State nao wakafungua kesi ya kwao Florida. Kila mmoja alitaka jaji wa nyumbani, si unajua tena. Machi 2024 Clemson, chuo kingine cha ACC, wakafuata. Ugomvi wote ni hela ya TV: vyuo vilishaikabidhi ACC haki za matangazo hadi 2036, halafu vikaona wenzao wa konferensi za Big Ten na SEC wanavuna zaidi. Kujitoa wakati huo kulikuwa ni kulipa ada na kuziacha haki hizo nyuma. Florida State walipiga hesabu wakafika dola milioni 572!

Machi 2025 wakamalizana. Wenye watazamaji wengi wanapata mgao mkubwa, na ada ya kujitoa inashuka kila mwaka hadi dola milioni 75 msimu wa 2030-31. Binti akianza 2026 anamaliza 2030. Wanaopaswa kuhofia zaidi ni watakaoingia nyuma yake.

chalii_wa_R: Milioni 75 za dola kuhama ligi tu 😂 Simba na Yanga wasiuone uzi huu.

DadaNyika: Shikamoo mzee. Nimekimbia kule. Skolashipu anapewa na chuo, si konferensi. Chuo kikihama, anahama nacho. Tena sisi wa mbio hatusafiri kila wiki kama wa voliboli. Konferensi inatuhusu hasa kwenye mashindano yake ya nyika, ya ndani ya ukumbi na ya uwanjani.

Cha kuogopa ni chuo kuishiwa hela. Konferensi ya Pac-12 waliondoka vyuo 10, wakabaki Washington State na Oregon State. Wawili hao walikwenda mahakama ya kaunti ya Whitman, jimbo la Washington, jaji akawapa udhibiti wa bodi ya konferensi, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuupitia uamuzi huo. Kesi wameshinda, lakini hela nono ya TV ilishaondoka na wenzao. Juni 2025 Washington State wakafuta kurusha na kuruka, nguvu wakazielekeza kwenye mbio ndefu. Ndiko alikosoma Henry Rono, Mkenya aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Binti angekuwa mrukaji ningekuambia mengine.

Ofa inasema miaka mingapi?

Baba_Mbulu: Marahaba mwanangu. Imeandikwa mwaka mmoja, "inaweza kuongezwa".

DadaNyika: Basi hapo ndipo pa kukaba, mzee, achana na kesi za ACC. Mwambie amwandikie kocha kwa barua pepe, si simu: wanaongeza kwa vigezo gani, akiumia nani anagharamia, na chakula na malazi wakati wa likizo vimo? Majibu yakija yabandike hapa, majina uyafute.

Wakili_Mtaani: Na bima ya afya. Usisahau hiyo.