Swichi ya kuongozwa kwa sauti, mnaitestije mpaka muiamini?

kijana_wa_sakina:
Wakuu habari za jioni. Nipo Arusha, kuna kifaa nakifanyia testi, swichi ya ukutani unaiambia washa taa, zima pampu, inasikia Kiswahili na ina apu yake ya Android. Ofisini inafanya vizuri kabisa ila tukiifunga kwa watu kule Moshono, mvua ikianza kupiga bati haisikii kitu, au redio ikiongea inaamka yenyewe. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kosa halirudiwi, mtu akisema inakataa, akisema tena inakubali, nikimpelekea developa ananijibu kwangu inafanya kazi. Naombeni msaada.

fundi_njiro:
Mkuu, halirudiwi kwa sababu mtu hawezi kutamka neno sawasawa mara mbili. Rekodi sauti za watu, kina mama, wazee, watoto, halafu zipige kwenye spika iliyo mita 3 kutoka kwenye kifaa, volyumu hiyo hiyo kila siku. Kelele iwe faili la pembeni kwenye spika nyingine, mvua ya bati, redio, vifodi vinavyopita, unaongeza taratibu mpaka ujue inashindwa wapi, developa unampa mafaili hayo hayo na hatakuwa na la kusema.
Ila usikusanye kwa voisi noti za WhatsApp, zile zinabanwa. Rekodi WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ya 16 kHz, sauti inapimwa mara 16,000 kwa sekunde. Kinachonaswa ni mpaka nusu ya namba hiyo, kwahiyo ukirekodi kwa 8 kHz mlio wowote ulio juu ya 4 kHz unapotea, na sauti ya s nguvu yake kubwa iko huko huko juu. Sasa weka "uzime pampu" na "usizime pampu", kinachotofautisha ni ka silabi kamoja kenye hiyo s, ikimezwa na mvua, usizime inasikika uzime, pampu inazimwa na tenki la mteja linabaki bila maji. Mimi amri za kukataza nazitesti kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

dada_wa_pasua:
Nakubaliana na fundi, na hao watu uwaombe ruhusa kabla hujawarekodi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Sauti za Kiswahili za bure zipo pia kwenye Common Voice ya Mozilla, ila wengi pale wanasoma sentensi kwa utulivu, mtu anayeita swichi akiwa jikoni haongei vile.
Kaka, jambo lingine ni saa. Mwambie "washa taa ya nje saa mbili usiku" uone inapanga muda gani, mifumo mingi imejengwa kwa saa za Kizungu kwahiyo inaweza kukuwekea saa nane za usiku na kwetu sisi ni 20:00. Na akisema saa mbili tu bila asubuhi wala usiku, kifaa kimuulize, kisibahatishe.

kijana_wa_sakina:
Asanteni sana aisee, hiyo ya saa haikuwepo kabisa kwenye orodha yetu. Swali lingine, umeme ukikatika ukarudi, apu inaonyesha taa imewaka wakati imezima, hii ni bagi (kosa) ya apu au ya kifaa?

mzee_wa_saketi:
Angalia mnatumia MQTT, ile njia ya kifaa na apu kutumiana ujumbe kupitia seva? Kama hali ya mwisho imehifadhiwa kwenye seva, apu ikiunganika inapewa hiyo ya zamani, na kama kifaa hakikuacha ule ujumbe wa mwisho wa kusema nimetoka hewani, apu haijui kitu. Kifaa kikiwaka kitangaze hali yake upya kabla hakijapokea amri. Testi yake chomoa umeme katikati ya amri, siyo baada. Halafu chomoa ruta peke yake swichi ikiwa na umeme, hapo makosa yanakuwa mengine kabisa.

dada_wa_pasua:
Na kwenye logi, ile kumbukumbu ya kila kilichotokea kwenye kifaa, tenganisha: imeamka? imesikia maneno gani? imeelewa amri gani? imefanya nini? Bila hivyo kila bagi mtaiandika "haisikii" na developa hatajua aanzie wapi.

kijana_wa_sakina:
Kesho naanza na uzime na usizime, nikishapata majibu nayaweka hapa.