Huduma kwa watoto wanaolala vibarazani, Majengo hadi Sabasaba: tuanzie wapi?

MchungajiNkuhungu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii kwa undani. Kanisa letu lipo Nkuhungu hapa Dodoma, Jumapili tunakuwa watu wazima kama 150. Baraza la wazee limeridhia tuanze huduma kwa watoto wanaolala kwenye vibaraza vya maduka, eneo la soko la Majengo na Sabasaba. Wazo lililopo mezani ni uji kila Jumamosi asubuhi kwa watoto wapatao 60, na baadaye kuwarudisha makwao wale wanaotaka. Wazee wengine wanasema tukodi nyumba moja kwa moja tufungue kituo.

Hofu yangu ni kwamba huduma za namna hii huanza kwa spika na fulana mpya, halafu zinazimika. Paulo anasema upendo hautafuti mambo yake (1 Wakorintho 13:5). Kwa vitendo, upendo huo unapangwaje? Naomba hatua, vipimo, na yale yanayoharibika mara kwa mara.

---

Shemasi_Makole

Amen, Mchungaji. Nianze na jikoni, maana huko ndiko watu wema wengi wanakokwama.

Watoto 60, kila mmoja kikombe cha mililita 400, ni lita 24 za uji. Kwa uji mzito wa kushibisha weka gramu 125 za unga kwa kila lita, yaani kilo 3. Sukari kilo 1 inatosha. Karanga zilizosagwa nusu kilo. Tumieni sufuria mbili za lita 20 kila moja, msijaze moja mpaka mdomoni. Chemsha lita 18 za maji. Unga uvuruge pembeni kwenye lita 6 za maji ya baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo umimine polepole huku mtu mwingine akikoroga. Unga ukiumwaga mkavu kwenye maji yanayotokota utapata madonge ambayo ndani ni mabichi, na tumbo la mtoto aliyelala njaa halitayavumilia. Karanga ziingie uji ukishachemka, kisha uuache motoni dakika kumi nyingine au zaidi.

Unga ninaoupendekeza ni wa uwele, kwa sababu watoto wengi wanaotoka Bahi, Chamwino na Mpwapwa wameukulia. Ila unga wa uwele ukikaa huwa mchungu, mafuta yake yanaharibika upesi. Kwa hiyo hifadhini nafaka, msagishe ya wiki moja au mbili tu. Kilo 3 kwa wiki ni kilo 156 kwa mwaka, kama debe tisa hivi. Hizo mnaweza kuzipata zote kwenye sadaka ya mavuno, mwezi wa sita na wa saba, wakati bei iko chini. Tangazeni mapema kwamba debe hizo ni za watoto, na ziwekwe peke yake zisichanganywe na nyingine.

Karanga na mahindi yachambuliwe punje kwa punje. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu inatupwa, na asipewe kuku wala mbuzi. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, tena kwa chakula cha nyumbani cha kila siku. Mchango wa karanga mbovu ukataeni kwa upole, hata kama aliyeleta ni mzee wa kanisa.

Maji: vibuyu chirizi viwili (madumu ya kunawia yanayoinamishwa kwa kamba ya mguu) na sabuni, watoto wanawe kabla ya kupanga foleni. Uji ubebwe kwenye chombo cha chakula chenye mfuniko. Ndoo iliyokuwa na rangi ya kupaka haioshwi ikawa safi. Ukibaki, usirudi nao kesho. Mkiona mtoto amevimba miguu yote miwili, huyo uji hautamsaidia peke yake. Siku hiyohiyo apelekwe kituo cha afya, ule unaweza kuwa utapiamlo mkali.

---

UstawiKati

Shemasi ameeleza vizuri jikoni. Mchungaji, kabla ya sufuria kuna ofisi, na mpangilio ni huu: mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, uongozi wa soko, kisha afisa ustawi wa jamii wa Halmashauri ya Jiji. Nendeni na barua ya ukurasa mmoja: nani mnamhudumia, siku gani, saa ngapi, nani msimamizi. Mkiruka ngazi, siku mgambo watakapofika mtaonekana kundi lisilojulikana, na watakaotimuliwa ni watoto.

Suala la kukodi nyumba, naomba mliweke pembeni kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Hata muumini kumchukua mtoto akalale kwake "kwa usiku mmoja tu" hairuhusiwi kienyeji hivyo. Nia inaweza kuwa njema kabisa, lakini mtoto akiumwa, akipotea au akidhurika humo ndani, hakuna atakayeitetea nia hiyo. Kuna utaratibu wa malezi ya kambo unaopitia ustawi. Familia zenu zilizo tayari zijiandikishe huko.

Sheria hiyohiyo inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aripoti kwenye serikali ya mtaa. Wafundisheni watu wenu namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, na mlango wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mtoto akisema amebakwa au kulawitiwa, hospitali ni ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kwa sababu dawa za kinga dhidi ya VVU baada ya hapo hazisaidii. Asiogeshwe, nguo zisifuliwe. Na kanisa lisikae kikao cha kusuluhisha. Kesi nyingi zinafia kwenye vikao hivyo.

Kuhusu kurudisha makwao: mtoto hapandishwi basi akapewa nauli. Kwanza mtu mzima, akiwa na barua ya ustawi, anakwenda kijijini bila mtoto. Anaangalia nani yupo nyumbani, kilichomtoa mtoto ni nini, na kama bado kipo. Njaa ya mwezi wa pili, kabla ya mavuno, ni tofauti na baba wa kambo anayepiga. Njaa mnaweza kuisaidia kwa debe mbili za mtama. Kipigo hakiondoki kwa chakula, hapo tafuteni bibi au shangazi. Baada ya kurudi, mtembeleeni wiki ya pili, mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Msipofuatilia mtamkuta tena Sabasaba, na safari hii hatawaambia ukweli wa kwao.

---

MamaMchungaji_DOM

Nakubaliana na mtumishi wa ustawi, naongeza kidogo tu.

Pesa mkononi msimpe mtoto yeyote. Wakubwa wa kijiweni wanaikusanya kabla hamjafika mwisho wa barabara, nyingine inakwenda kwenye gundi ya kunusa. Picha msipige. Hata za grupu la kanisa la WhatsApp, hata kwa mgongo. Mtu wenu asikae na mtoto peke yake mahali palipofichika. Wawe wawili daima, palipo wazi. Daftari liandike jina analolitumia, umri wa kukadiria, kijiji anachokitaja, na hali ya afya, basi. Likae kwenye kabati lenye kufuli.

Na mabinti? Vibarazani mtaona wavulana watupu, mkadhani ndio wote. Wasichana wengi wanaishia majumbani kama wadada wa kazi au kwa mama lishe, kazi ya kuosha vyombo kuanzia alfajiri. Wekeni akina mama wawili wa kupita kwa mama lishe, wanywe chai, wasalimie, warudi wiki ijayo.

---

MchungajiNkuhungu

Mungu awabariki sana. Nyumba nimeielewa, nitaipeleka kwenye baraza. Bado maswali mawili: watu wangapi wanahitajika, na Neno linaingia wapi? Wazee wanaona tukitoa uji bila mahubiri tumekuwa shirika la misaada tu.

---

MtumishiWaMjini

Mchungaji, rudi kwa yule Msamaria wa Luka 10, aliyemsaidia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani. Siku ya kwanza mafuta, divai, na punda wake. Siku ya pili dinari mbili, na kwa Mathayo 20 dinari moja ni ujira wa kibarua wa kutwa. Kisha ahadi: nitakaporudi nitakulipa. Tazama asichokifanya. Hakujenga nyumba ya wageni, aliitumia iliyokuwepo. Hakumwuliza majeruhi anasali wapi. Na alirudi kwenye safari yake, maana yake mpango wake ulikuwa na kipimo anachokiweza. Huo ndio upendo usiotafuta mambo yake ukiwa na ratiba na bajeti.

Kwa hiyo watu: wanne kwa Jumamosi moja. Mmoja uji, mmoja maji, wawili wa kukaa chini na watoto. Timu tatu za kupokezana zinatosha, ila wale wawili wa kukaa na watoto wasibadilike kila wiki. Mtoto wa mtaani haelezi mambo yake kwa sura mpya. Watafuteni wanaoweza kujifunga mwaka mzima. Mkikosa, anzeni na watoto 20 badala ya 60. Wiki tatu za mwanzo msibebe chochote, tembeeni tu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mjue nani analala wapi na nani anamwongoza nani.

Neno: uji utolewe bila sharti la wimbo wala sala. Kati ya watoto hao wamo Waislamu, wengi kutoka Kondoa, na mtoto mwenye njaa atakiri lolote apewe kikombe. Kukiri huko hakumpi Kristo utukufu wowote. Kipindi cha Neno kiwe siku nyingine, pengine Jumatano jioni, bila chakula, aje anayetaka. Mkiulizwa pale kwenye uji "kwa nini mnakuja?", jibuni wazi kwamba ni kwa ajili ya Yesu. Hilo halihitaji spika.

Wavulana wa miaka 16 na 17 wengi hawatarudi kijijini, msiwalazimishe. Sheria inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Tafuteni ndani ya kanisa fundi wa baiskeli au seremala, akubali kijana mmoja mmoja. Andikianeni: saa za kazi, chakula cha mchana, vifaa vya kujikinga, na nani anamtembelea. Anayeweza kusoma na kuandika mfikirieni kwa kozi fupi za VETA, vyuo vya ufundi stadi.

---

Shemasi_Makole

Nyongeza moja, Mchungaji. Ramadhani ikifika, waliofunga wapeni uji wao jioni, dakika chache kabla ya magharibi. Zungumzeni mapema na imamu wa msikiti wa karibu mjue wao wanafuturisha siku zipi, msigongane. Sukari iongezeke kidogo, na tende tatu kwa kila kikombe. Timu ya jioni iwe na taa na waondoke wote pamoja.